Ukuta wa Mama Adelaïde

Aliyenipa habari alikuwa mama muuza makala, yaani mkaa, wa soko la Sake. Jina lake silijui, lakini yeye ananijua, maana kule kambini, kabla haijavunjwa, tulichota maji kwenye bomba moja. Alikuwa anapanga makala yake mafungu mafungu, akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Mama Nicole, mutoto wako nilimuona kwa picha. Amevaa nguo nyeupe ya komunyo. Iko kwa ukuta ya Mama Adelaïde, kule Kingi. Ile ukuta imejaa bintu ya bantu yote."

Vitu vya watu wote. Damu ilinipanda kichwani. Mwaka mzima nimelala chini ya shitingi, turubai la plastiki, karibu na Goma, mvua ikiniingilia upande huu na upepo upande ule, kumbe huko nyuma, kijijini kwetu Kingi, kuna mtu anapamba nyumba yake kwa picha ya binti yangu. Nilimwachia yule mama makala niliyokwisha kuyachagua, nikashika njia ya mlimani siku hiyohiyo.

Niseme ukweli wangu tangu mwanzo. Picha ya Nicole haikuwa shida yangu kubwa. Nilikuwa natafuta nyingine, ya mume wangu Benoît, picha pekee aliyowahi kupigwa maishani mwake. Amesimama kando ya chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo huku kwetu inabeba kila kitu, kuanzia viazi hadi majeneza. Amevaa koti la kuazima, mikono ya koti imemfunika vidole, na uso ameukunja kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nilitaka kuichukua picha hiyo, nipande nayo lori mpaka Walikale, niionyeshe kila soko na kila machimbo, niulize nani amemwona huyu. Na nikimpata, basi, yale niliyopanga kumwambia hayaandikiki.

Maana Benoît alitutoroka. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Siku tuliyokimbia vita, alisukuma chukudu kutoka Kingi mpaka kambini, magodoro mawili juu yake, sufuria, na kitinda mimba wetu amefungwa katikati. Wiki ya tatu, watoto walipoanza kulia njaa, akasema anarudi kuchimba viazi vyetu kabla havijaozea ardhini. Siku mbili tu, alisema, ya tatu niko hapa. Hakuonekana. Nililia mwezi mmoja. Halafu akaja Thierry, jirani yetu wa kambini, mtu anayejua kila kitu na hajui chochote, akaniapia kwamba amemwona Benoît huko Walikale kwenye machimbo, kofia nyekundu kichwani, amenenepa. Tangu siku hiyo niliacha kulia nikaanza kutukana. Nilimtukana nikiwa kwenye foleni ya unga, nilimtukana nikifua, nilimtukana hata katikati ya sala ya jioni, mpaka Nicole akawa ananivuta kitenge ili nipunguze sauti.

Kwa hiyo nilipanda mlima na hasira mbili, moja ya mume na moja ya Adelaïde, na sijui ipi ilikuwa nzito zaidi.

Huyu Adelaïde lazima nimweleze, kwa sababu asiyemjua atadhani ni mwizi wa kawaida, na hata hasira yangu haikumdhania hivyo. Alizaliwa palepale Kingi, akaolewa palepale, akafiwa na mume palepale, na mtoto hakujaliwa. Miaka mingi alifagia nyumba ya wageni ya mapadri, na nadhani huko ndiko alikopatia ugonjwa wake. Aliona ukuta mzima umejazwa picha, kubwa kwa ndogo, hii ya mtakatifu, ile ya ziwa, nyingine ya padri aliyekufa zamani, zote zimekaa pamoja bila kugombana. Akarudi kwake, kwenye nyumba yake ya mbao, akataka na yeye ukuta wa namna hiyo.

Tatizo ni kwamba Adelaïde hakuwa na picha hata moja. Basi akatundika chochote. Kalenda za miaka iliyokwisha kupita. Kifuniko cha bati la biskuti chenye paka. Ungo uliotoboka. Duara la mbao la kuundia jibini, aliloliomba kwa watu wa malisho ya juu lilipopasuka. Kengele ya mbao aliyoletewa na shemeji yake wa Walikale, ile wanayomfunga mbwa wa kuwinda ili asikike msituni. Gundi yake ilikuwa uji wa unga wa muhogo, na misumari yake ilikuwa misumari mibovu ya watu, anaiokota, anainyoosha kwa jiwe mlangoni kwake asubuhi nzima. Alikuwa akisogea nyuma hatua tatu, anaangalia, anarudi, anahamisha paka kutoka huku anampeleka kule, anasogea nyuma tena. Ungesema ana kazi.

Tulimcheka. Watoto waliiita nyumba yake musée, makumbusho, na mimi nilicheka kuwashinda wote. Siku moja aliniomba kalenda yangu ya zamani yenye picha ya ziwa. Nikamwambia nimekwisha kuitandika kabatini chini ya sahani. Haikuwa kweli. Nilikwenda kuitandika alipoondoka, si kwa haja, kwa ubishi tu. Mwaka uliofuata alikuja kuniomba tena, na uso wake uleule, wala hakuonyesha kama anakumbuka.

Kitu kimoja tulimheshimu. Huku kwetu mlimani, mtu akifa naye ana picha ukutani, mtu wa nyumba yake anaigeuza. Uso unatazama mbao, mgongo unatazama watu, na inakaa hivyo mpaka siku ya kuondoa matanga. Padri haipendi desturi hiyo, lakini padri halali kwetu. Mama mkwe wangu alipofariki, Benoît mwenyewe ndiye aliyemgeuza, na miezi minane tulikula chakula mbele ya kipande cha katoni. Siku ya matanga ilipokaribia, aliyeitwa kuja kusafisha kioo kwa majivu alikuwa Adelaïde, kwetu kama kwa wengine wote. Mikono yake ilikuwa myepesi kwa vioo. Hakuomba malipo, aliomba tu abaki na uzi wa zamani wa kutundikia.

Vita vilipofika tulikimbia sote, isipokuwa yeye na wabibi wawili. Nyonga yake ilikuwa imeharibika, alitembea kwa fimbo, na chukudu za watu zilikuwa zimejaa. Ya kwetu pia ilikuwa imejaa. Nilimwona amesimama kando ya njia na fimbo yake, nikatazama mbele.

Nilifika Kingi saa nane za mchana, nikaenda kwangu kwanza. Nyumba sikuikuta. Manjanja, mabati ya paa, yameng'olewa yote, mbao za kuta zimeng'olewa, mlango, madirisha mawili, hata mlango wa choo. Mimi nauliza, ni mtu gani anayekimbia vitani amebeba mlango wa choo? Walichoacha ni mawe ya msingi na mafiga matatu, labda kwa sababu ni mazito. Nilisimama pale palipokuwa chumba changu nikawatukana watu nisiowajua, wao na baba zao na babu zao, mpaka koo likanikauka. Halafu nikamtukana Benoît, kwa sababu mwanamume anayekaa kwake hang'olewi mlango.

Nyumba ya Adelaïde, juu kidogo ya kwetu, ilikuwa imesimama na paa lake. Hilo likanikera kuliko yote.

Sikupiga hodi. Niliusukuma mlango nikaingia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya viazi, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Kisu kilimponyoka.

"Mama Nicole," akasema. "Weye uko muzima."

"Niko muzima, njo maana nimekuya kuchukua bintu yangu."

"Ikaa kwanza. Nikupatie maji."

"Sikukuya kunywa maji."

Nikageuka kuutazama ukuta. Kalenda zake hazikuwepo tena, wala paka, wala ungo. Alivitoa vyake vyote. Kutoka darini mpaka sakafuni, kutoka mlangoni mpaka dirishani, kulikuwa na vitu vyetu. Diplome ya mwalimu Léopold kwenye fremu yake nyeusi. Picha za harusi saba au nane, mabibi harusi wote wamenuna kama inavyotakiwa. Timu ya mpira ya vijana wa Kingi. Karatasi za ubatizo zilizobandikwa kwenye vipande vya katoni. Saa iliyosimama. Rozari. Kiatu kimoja cha mtoto, kimefungwa kwa uzi kwenye msumari. Vyenye fremu vilining'inia kwa vipande vya mpira wa baiskeli na vijiti vya mwavuli, na misumari yote ilikuwa myeusi, ameitoa kwenye majivu ya nyumba zilizoungua.

"Umetuibia," nikasema.

Aliinuka polepole, akachukua fimbo yake, akaanza kuonyesha, kama mwalimu ubaoni. "Bale bantu ya kung'oa nyumba, walikuwa wanatafuta mbao na manjanja. Picha walikuwa wanatupa mu moto. Mimi nikawa naingia mbele yao, kila nyumba, asubuhi mapema. Wananiona muzee, wananiacha. Sasa angalia. Hapa juu njo kwa mwalimu Léopold, kule kwa kichwa ya mulima. Hapa njo njia inashuka. Hapa njo chemchemi. Kila nyumba iko pahali yake. Muntu akirudi hataniuliza kitu. Ataangalia tu pahali ya nyumba yake, ataona bintu yake."

Nilitazama na nikaona, na sikutaka kuona. Ukuta ule ulikuwa Kingi. Nyumba ya catechiste, mwalimu wa dini, iko pale ilipokuwa, kwenye kona. Familia za upande wa bonde ziko chini, karibu na sakafu. Na mahali penye nyumba ambazo hakukuta kitu, alipigilia msumari mtupu akauacha hivyo. Misumari mitupu ilikuwa mingi.

Mtu mwingine angelainika. Mimi nilizidi. Nilimwonea hasira kwa sababu alikuwa amefanya vizuri, na kwa sababu nilipomwacha pale njiani nilitazama mbele, na sasa alikuwa anataka kunipa maji. Nikashuka kwa macho kutoka chemchemi kidogo kushoto, mahali pa nyumba yetu. Nicole alikuwepo, na nguo yake nyeupe na mshumaa mkononi. Sinia langu la mawaridi lilikuwepo. Kitambaa nilichofuma mwaka nilioolewa kilikuwepo, kimefuliwa. Nikaanza kuvitoa kimoja kimoja kwa nguvu, misumari ikaruka.

"Mama Nicole, ninakuomba. Ikaa kwanza."

"Niikae nini? Picha ya Benoît iko wapi? Ninaenda nayo Walikale kesho. Ninaenda kumutafuta ule mwanaume."

"Walikale?"

"Walikale, ndiyo. Iko kule, anakula, ananenepa. Bantu walimuona."

"Kunywa maji kwanza," Adelaïde akasema tena, sauti ndogo. Nami nikawaza, hivi ndivyo walivyo, mwizi anapokamatwa ndipo anapojua kukaribisha wageni.

Nikamaliza kukitoa kitambaa, na chini yake nikaona fremu ya mwisho ya nyumba yetu. Ilikuwa imenipa mgongo. Sikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Mgongo ule niliujua kuliko mgongo wa mkono wangu, maana niliuona ukitengenezwa: kipande cha katoni ya sabuni, kimebanwa kwa misumari midogo na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye gurudumu la chukudu. Benoît aliufanya mezani kwetu, amejikata kidole, akalaani siku nzima.

Ukuta mzima, watu wote wa Kingi wanatutazama, na mume wangu peke yake amefichwa. Hapo ndipo nilipopandwa na wazimu. Nikaishika fremu kwa mikono miwili, nikaigeuza, nikaigandamiza ukutani uso ukimtazama Adelaïde. Koti la kuazima likatokea. Chukudu ikatokea. Uso uliokunjamana ukatokea, na kioo chake kilikuwa safi bila vumbi hata chembe.

"Ulimuficha," nikasema. "Benzake wote wanaangalia, bwana yangu peke yake njo umemugeuza, nisimuone."

Maneno yalitoka kinywani mwangu, halafu yakarudi masikioni mwangu. Umemugeuza. Fremu sikuiachia.

Adelaïde alisogea na fimbo yake mpaka akanifikia. Hakunigusa. "Irudishe vile ilikuwa, Mama Nicole," akasema. "Siku yake ya matanga haiyafika, bantu yake hawayamulilia."

Nje kuku alikuwa anaparuza majani, na nilimchukia yule kuku.

"Benoît iko wapi?" nikauliza.

"Iko hapa nyuma, mwisho ya migomba yenu. Alifika asubuhi, akachimba viazi, gunia moja ikajaa. Akaanza ingine. Risasi ikamupata mulemule mu shamba, hatujue ya nani. Hakuteseka. Tulimuzika siye wamama watatu, na mbao ya kitanda yenu, sababu hakukukuwa ingine. Nilituma neno mara mbili. Muntu wa kwanza hakufika. Wa pili alirudi akasema kambi imevunjwa, hajui mulienda wapi." Akapumua. "Ile gunia ya viazi tulikula. Sikufichi."

Gunia moja, na la pili amelianza. Hata siku mbili alizoniomba hazikumwishia. Mwaka mzima nilimtukana mtu aliyekuwa amelala mwisho wa migomba yake mwenyewe, na watoto wake nikawafundisha kumkasirikia. Nicole ana miaka kumi na mitatu. Nilimwambia kwa kinywa changu kwamba baba yake anakula nyama Walikale.

Nilitafuta mtu wa kumwonea hasira. Thierry na kofia yake nyekundu yuko mbali. Aliyefyatua risasi hana jina. Aliyebaki mbele yangu ni bibi kizee mwenye fimbo, basi nikamrudia yeye.

"Nani alikupa ruhusa ya kumugeuza?" nikasema. "Ile ni kazi yangu. Ni kazi ya muntu ya nyumba yake. Weye ni nani kwake?"

"Ni kazi yako," akasema. "Lakini haukukuwa hapa, na asingekaa hivi hivi, kama muntu hana watu. Nikasema nitamushikia. Kila juma nilikuwa namutoa, nasafisha kioo, namurudisha. Nilikuwa nakungojea."

Hakusema kwa kunilaumu, na hilo liliuma kuliko lawama. Nilijua ni mimi niliyepaswa kuwa nimesimama pale, niigeuze picha ile siku alipozikwa, na badala yake nilifika baada ya mwaka, kwa matusi, nikaivuta kutoka mahali pake na kuigeuza kinyume. Kwetu, anayeirudisha picha kutazama watu ameondoa matanga. Mimi niliyaondoa ya mume wangu kabla sijamlilia kama marehemu hata siku moja.

Nikavirudisha vitu vyangu ukutani. Sikuombwa. Misumari miwili ilikuwa imepinda, Adelaïde akainyoosha kwa jiwe lake, akanipa mmoja mmoja. Sinia mahali pake, Nicole mahali pake, kitambaa mahali pake. Nyumba yangu haina ukuta wa kutundikia, kwa hiyo mahali petu kwa sasa ni pale, chini ya chemchemi, kushoto kidogo.

Benoît nilimwacha mwisho. Nilimtazama uso wake ule wa kukanyagwa kidole. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini hasira ilikuwa bado iko kooni, haikuondoka, ilikuwa tu haina tena mtu wa kumwendea. Nikamwambia, "Ungeniaga vizuri basi." Halafu nikamgeuza kwa mikono yangu mwenyewe, uso kwa mbao, nikauweka mpira juu ya msumari, nikahakikisha haianguki.

Kisha nikaketi kwenye kigoda, na Adelaïde akanipa maji.